Kabla hujajiandikisha kilomita 21 ya pili

Cha kwanza kuamua, kabla hata hujatuma hela ya usajili, ni mbio ipi unaikamia. Moja tu. Siku hizi mbio za hisani zimejaa, fulana nzuri, medali zinang'aa, na kundi la WhatsApp halikuachi ulale. Ukijikuta na nusu marathoni mbili ndani ya mwezi mmoja, andika kwenye daftari: hii natafuta muda, hii nasindikiza. Mimi niliwahi kuzikamia zote mbili, zikiwa zimepishana siku 14. Ya kwanza nilipunguza dakika tatu kwenye muda wangu bora, kichwa kikavimba. Ya pili nilikata moto kilomita ya 16, nikawa natembea, na mama mmoja mwenye ndoo kichwani akanipita akisema, "Pole baba, unakaribia kufika." Zilikuwa zimebaki tano.

Kinachochelewa kupona ni misuli. Pumzi inarudi baada ya siku chache, mtu anajiona yuko vizuri, kumbe mapaja bado yana majeraha madogo madogo ndani. Mteremko ndio unaoyaumiza zaidi, kwa sababu msuli unajikaza huku unavutwa. Nusu marathoni ya Moshi, kwa mfano, inapanda kuelekea Mweka halafu inateremka. Kelele zote tunapiga kwenye kupanda, maumivu ya Jumatatu yanatoka kwenye kuteremka. Kipimo changu ni ngazi za mawe. Wanaokaa mlimani hapa Mwanza, Mabatini au Bugarika, watanielewa: siku ya kwanza baada ya mbio unashuka kinyumenyume umeshika ukuta, watoto wanakucheka. Siku utakayoshuka umebeba kitu mkononi bila kukumbuka kuwa una mapaja, hapo ndipo urudi kwenye mazoezi ya spidi, si kabla. Wakimbiaji wa zamani wana hesabu yao: siku moja ya mazoezi mepesi kwa kila maili uliyoshindana. Nusu marathoni ni maili 13 na kidogo, kwa hiyo karibu wiki mbili zinaliwa na kupona peke yake. Hata mbio zikipishana wiki tatu, hujengi kasi mpya, unatunza uliyonayo.

Kwa hiyo kama uchaguzi ni wako, kamia ya pili. Ya kwanza ikimbie kama zoezi refu, kila kilomita polepole kwa sekunde 30 hivi kuliko kasi yako ya mbio, na ukitaka raha ongeza kasi kilomita nne za mwisho tu. Utapitwa na watu unaowashinda kila Jumamosi barabara ya Airport. Vumilia. Kama ya kwanza ndiyo ya muda, basi ya pili nenda na rafiki, mpige stori.

Halafu hesabu ya kasi, ambayo wengi wanaikosea. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Anayetaka kushuka chini ya saa mbili anaambiwa akimbie kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41, na kwenye karatasi ni sahihi. Ila saa ya mkononi mara nyingi itakusomea kilomita 21.3 mwishoni, kwa sababu hukukata kona kwa njia fupi, ulizunguka watu mwanzoni, na setilaiti nayo ina makosa yake. Mita 200 hizo ni zaidi ya dakika nzima. Ukifuata 5:41 ya saa yako utamaliza kwa saa mbili na dakika moja, na hasira. Lenga 5:37. Usilipie deni hilo kilomita ya kwanza, ambako kila mtu anajiona Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Simbu mwenyewe, Tokyo mwaka 2025, alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumpita Mjerumani kwenye mstari, tofauti ikiwa sekunde 0.03 tu.

Hali ya hewa: Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri kuna ubaridi mzuri kabla ziwa halijaanza kumeremeta. Ukizoea hapa halafu mbio ya muda iko Dar, joto la unyevunyevu litakukata, jasho halikauki. Punguza matarajio mapema. Na usifike na basi la usiku ukategemea kukimbia asubuhi hiyohiyo. Zaidi ya kilomita 1,000 umekunja miguu, vifundo vinavimba.

Jambo la ziwa nalisema kwa msisitizo. Baada ya mbio utaona watu wanaingia majini "kupoza miguu". Kichocho kipo. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa maji baridi na vinapenya kwenye ngozi nzima, hata kama huna kidonda, na miezi kadhaa baadaye unashangaa kwa nini huna nguvu. Poza miguu kwenye beseni la maji ya bomba. Na ukiamka na homa wiki ya mbio, nenda ukapime malaria. Huku Kanda ya Ziwa usijidanganye kuwa ni uchovu wa mazoezi.

Chakula, hakuna jipya: wali au viazi vitamu jioni, chai na mkate asubuhi, ndizi moja. Sato na ugali viwe zawadi ya mchana. Maharage usiku wa kuamkia mbio, hapana. Raba ziwe zimeshakimbia, hata za mtumba, mradi soli haijalalia upande mmoja. Mafuta ya mgando mapajani na kwapani.

Mwisho ni usafiri. Daladala za saa 10 alfajiri ni za kubahatisha. Ongea na bodaboda wako tangu jioni, mpe nusu ya hela, na mpigie tena ukiamka, maana akikuambia "niko njiani" bado yuko kitandani.