Namna ya Kukarabati Mchezo wa Mashua za Maji Uliochakaa Katika Pwani ya Lindi na Mtwara

Mchezo wa mashua za maji, ambao abiria huvutwa na mnyororo hadi juu, hupitishwa katika pango lenye moshi, taa na mnyama anayefumbua kinywa, kisha huteremshwa kwa kasi hadi bwawani, huchakaa pwani mapema kuliko bara. Upepo wa bahari hubeba chumvi hadi ndani ya visanduku vya swichi, na ile chumvi haiondoki kwa kufutwa kwa kitambaa kikavu. Mwenye bustani ya michezo anapoona wageni wamepungua, jambo la kwanza linalomjia ni kununua madoido mapya, yaani taa, moshi na mnyama wa kisasa zaidi, kwa sababu hayo ndiyo yanayoonekana. Ninamsihi afuate mpangilio wa kinyume chake: aanze na maji na pampu, kisha mfereji na mashua, kisha umeme, na madoido yawe ya mwisho.

Sababu ya kwanza ni uhai wa watu. Tarehe 25 Oktoba 2016, katika bustani ya Dreamworld iliyoko Queensland, Australia, watu wanne walifariki katika mchezo wa maji wa Thunder River Rapids, uliokuwa ukifanya kazi tangu 1986. Pampu moja kubwa ilizima, kina cha maji kikashuka, chelezo kimoja kikakwama juu ya reli zilizokuwa zimefunikwa na maji, na chelezo kilichofuata, kikiwa na abiria, kikakigonga huku mkanda wa kupandishia ukiendelea kuzunguka. Hapakuwa na kifaa cha kupima kina cha maji na kusimamisha mchezo chenyewe. Kifaa cha aina hiyo si cha gharama kubwa hata kidogo ukikilinganisha na mnyama mmoja wa kuigiza wa kuagizwa kutoka nje.

Kwa hiyo ununuzi wa kwanza kabisa uwe vihisi vya kina cha maji, angalau viwili, kimoja karibu na pampu na kingine mwisho wa mfereji, vikiunganishwa na mota ya mnyororo ili maji yakishuka chini ya kiwango, au pampu ikizima kwa sababu yoyote, mnyororo usimame bila kusubiri uamuzi wa mtu. Pamoja na vihisi hivyo, piga mstari mwekundu wa rangi ukutani mwa mfereji kuonyesha kina cha chini kinachoruhusiwa, kwa maana mhudumu aliyesimama pale anapaswa kuona kwa macho yake kile ambacho kifaa kinakipima. Kitufe cha dharura kiwe kikubwa, kiwe chekundu, kiwepo katika kila kituo cha mhudumu, na kikibonyezwa kisimamishe kila kitu kwa mara moja. Paneli zenye vitufe vingi vinavyofanana humchanganya mtu katika sekunde ambazo hana nafasi ya kufikiri.

Kazi yenyewe ipangwe kufuata majira. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, hivyo kipindi cha Juni hadi Oktoba, wakati wa kusi, ndicho kinachofaa kwa kazi za fibaglasi na rangi. Vipuri vya Dar es Salaam viagizwe mapema na visisubiriwe wakati wa mvua. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika, na aliyekuwa akisubiri beringi moja tu alilazimika kuendelea kusubiri. Ukifanikiwa kufungua tena mwezi wa Desemba, utakuta fedha za korosho zimeanza kuingia mifukoni na watoto wako likizo.

Anza kwa kukausha mfereji wote na kuuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Baada ya siku chache za jua, pita na sarafu mkononi ukigonga ukuta wa fibaglasi hatua kwa hatua. Palipo pazima sarafu hutoa mlio mkavu na mkali, na pale ambapo maji yamepenya kati ya matabaka mlio huwa bubu, kana kwamba umegonga ubao uliooza. Zungushia alama ya chaki kila sehemu bubu. Utaona pia malengelenge madogo juu ya uso. Ukiyatoboa hutoka majimaji yenye harufu kali inayofanana na siki. Usiyapake rangi juu yake. Yanapaswa kusagwa kwa msasa wa mashine hadi ufikie tabaka zima, kuachwa yakauke kwa wiki kadhaa, ndipo yajazwe resini ya epoksi na kitambaa cha fibaglasi. Mafundi wengi huharibu hatua hii kwa haraka, kwani resini iliyopakwa juu ya uso wenye unyevu haishiki, na msimu unaofuata hubanduka kama gamba. Fundi avae barakoa na miwani wakati wote wa kusaga, kwa kuwa vumbi lile huumiza mapafu.

Mashua zikaguliwe kwa namna hiyo hiyo. Zikiwa za mbao, hatuhitaji kumwita mtu kutoka mbali, kwa sababu mafundi wa majahazi na ngalawa wapo Mikindani na Kilwa, na kazi yao ya kalafati, ya kushindilia pamba yenye mafuta katika nafasi za mbao, inafaa mashua ya mchezo sawasawa na inavyofaa chombo cha baharini.

Boliti ni jambo ambalo watu hulipuuza. Boliti za kawaida zilizopakwa zinki hazidumu karibu na bahari, na hata chuma cha pua kina madaraja: daraja la 316 huvumilia chumvi kuliko 304. Vilevile usifunge boliti ya chuma cha pua moja kwa moja juu ya aluminiamu bila kuweka plastiki katikati, maana metali hizo mbili zikikutana katika maji ya chumvi ile dhaifu huliwa haraka.

Pampu ndiyo moyo wa mchezo, na inafaa kukaa nayo kwa muda mrefu. Iwashe mfereji ukiwa na maji, weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nyumba ya beringi na sikio kwenye mpini wake, ukiwa umefunga nguo vizuri na kukaa mbali na shafti. Beringi nzima huvuma kwa sauti moja iliyotulia. Iliyochakaa hukwaruza na kugongagonga. Kisha tazama pale shafti inapoingia. Maji yakitiririka hapo, sili, yaani kizuizi cha maji kinachoizunguka shafti, imekufa, na maji hayo yakifika kwenye beringi huondoa grisi yote. Kubadilisha sili na beringi kwa pamoja ni busara, kwa sababu kazi ya kuifungua pampu ni ile ile. Chunguza pia panga la ndani linalosukuma maji: likiwa na mashimo mashimo kama lililoliwa na mchwa, tatizo liko upande wa kuvuta, ambako chujio limeziba au bomba ni jembamba mno, na panga jipya nalo litaliwa usiporekebisha chanzo hicho.

Mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo wa umeme mara tano hadi nane ya ule wa kawaida, na katika miji yetu, ambako umeme huyumba, mshtuko huo huzima taa na kuunguza vifaa. Weka kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota (VFD), kinachoupandisha taratibu. Kwa pampu za maporomoko ya mapambo, ambazo hazihusiki na kina cha mfereji, kifaa hicho kinaleta nafuu nyingine: mwendo ukipunguzwa kwa asilimia 20, umeme unaotumika hushuka kwa karibu nusu. Pampu za mfereji wenyewe zisipunguzwe kwa ajili ya kuokoa umeme.

Nyaya zote zilizo karibu na maji zikatwe na kuwekwa mpya. Sioni faida ya kuokoa waya wa miaka mingi uliokwisha kulowa. Taa zinazoguswa na maji ziwe za volti 12, waya wa ethi upimwe, na kila saketi iwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja kufikia miliampia 30. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Hapo ndipo tunapofika kwenye madoido, na hapa fedha nyingi hupotea. Mchezo wa mashua na papa wa Universal Studios Florida ulifunguliwa 1990, lakini mitambo ya chini ya maji iliharibika mara kwa mara hadi ukafungwa na kujengwa upya, ukafunguliwa tena 1993. Kampuni ile ilikuwa na uwezo wa kugharamia kosa hilo. Sisi tuchague madoido ambayo fundi aliyepo Lindi anaweza kuyafungua, kuyaelewa na kuyarudisha kazini siku hiyo hiyo.

Moto wa gesi uachwe. Disneyland yenyewe, Aprili 2023, ilishuhudia joka lake la maonyesho likiteketea. Taa za rangi ya chungwa na nyekundu zikimulika ukungu kutoka chini huonekana kama miale ya moto, na mtoto aliye ndani ya mashua huzifurahia vivyo hivyo. Ila ukungu una hatari yake: matone madogo huvutwa hadi mapafuni, na maji yaliyotuama katika joto la kati ya nyuzi 20 na 45 huzalisha bakteria wa Legionela, wanaosababisha homa kali ya mapafu. Joto letu la pwani limo humo mwaka mzima. Nozeli za ukungu zipewe maji safi ya bomba yenye dawa, kamwe zisipewe maji ya mfereji, na mabomba yake yamwagwe kila jioni. Maji ya mfereji nayo yapimwe kila asubuhi: klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8.

Kwa upande wa mnyama, sioni sababu ya kuagiza papa au joka wakati Lindi ina mjusi wake mkubwa wa kale, yaani dinosaria, wa kilima cha Tendaguru. Wajerumani walichimba mifupa hapo kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, na leo kiunzi chake chenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu kimesimama Berlin. Mchongaji wa Kimakonde anaweza kuchonga kichwa na shingo kwa mti mwepesi, fundi wa mashua akatoa kalibu na kumwaga fibaglasi. Shingo isogezwe kwa maji yenyewe: nyuma ya egemeo ining'inizwe ndoo inayojazwa na bomba dogo, ikijaa inashuka na kuinua kichwa, ikimwagika kichwa kinashuka kuelekea mashua. Hakuna kompyuta, na kipuri chake ni ndoo. Weka kizuizi cha chuma ili kichwa kisifike abiria walipo hata kamba ikikatika.

Kabla ya kufungua, endesha mchezo bila abiria, kisha kwa viroba vya mchanga vya kilo 75 katika kila kiti, mchana na usiku, ukizima pampu kwa makusudi mara nyingi ili kuhakikisha mnyororo unasimama. Waalike wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, pamoja na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waone majaribio hayo. Kila kilichotokea kiandikwe katika daftari lenye tarehe na saini ya fundi wa zamu, na pampu ikizima mara mbili katika siku moja mchezo ufungwe hadi chanzo kipatikane; huko Dreamworld pampu ilikuwa imezima mapema siku ile ile, ikawashwa tena. Seti moja ya sili, beringi na kihisi cha akiba ikae stoo, imefungwa katika plastiki na kuwekwa juu ya rafu, mbali na sakafu yenye unyevu.