ATV ya dola 6,999 haipo: kwa Waafrika Mashariki wanaonunua Marekani

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo la ATV mpya Marekani, ile pikipiki ya magurudumu manne ya mashambani na porini, si bei ya kununulia. Naliweka hili juu kabisa kwa sababu nawajua. Mtasoma aya mbili, mtaona picha nzuri Facebook, mtatoka na pochi. Tangazo linasema dola 6,999. Humo hamna gharama ya kuisafirisha mpaka dukani, hamna ya kuiunganisha, hamna ada ya makaratasi, kodi ya jimbo wala usajili. Ukishuka chini kabisa utakuta yote hayo yameandikwa, kwa herufi za kukodolea macho. Kwa hiyo hata ukitaka kulalamika, umeshaambiwa.

Mimi niliwekewa mezani karatasi yenye mistari hii: ATV 6,999. Usafirishaji 695. Kuunganisha 595. Makaratasi 299. Kifurushi cha ulinzi 499. Jumla 9,087, na kodi bado. Nikauliza hicho kifurushi ni kitu gani na nani kakiagiza. Kijana wa mauzo, mwenye adabu zake zote, akajibu kwamba kimeshawekwa kwenye mashine na hakitoki. Nikainama kukitafuta. Kilikuwa kibandiko cha rangi ya fedha chini ya kiti, chenye namba ya kuzuia wizi, hakizidi upana wa kidole gumba. Dola 499. Nje kulikuwa na trela niliyoikodi kwa siku hiyo, na jamaa aliyeniazima lori alikuwa ananipigia simu kuuliza kama tumemaliza. Nikalipa.

Basi sheria ya kwanza: siku ya kupatana bei usiende na trela. Muuzaji akiiona kupitia dirishani anajua hutaondoka mikono mitupu.

Wanaonaswa zaidi hapa ni wale ambao tayari wameshanunua gari jipya huku, si wageni wa jana. Gari jipya Marekani lina karatasi kubwa kwenye kioo, kwa sheria ya mwaka 1958 iliyotokana na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, na karatasi hiyo lazima ionyeshe bei iliyopendekezwa na kiwanda pamoja na gharama ya kulifikisha dukani. Umezoea hivyo, ukidhani kila chenye injini kinauzwa hivyo. Sheria ile ni ya magari. Pikipiki na ATV hazimo, na ndiyo maana duka linaweza kukutajia bei ya kiwanda kwa sauti na ya kwake kwa karatasi.

Sasa, ada hizo si zote za uongo. ATV hufika dukani ndani ya kreti la chuma, usukani umelazwa, magurudumu hayajafungwa, betri haijawekwa. Kuna lori lililoileta na kuna fundi atakayeifunga na kuijaribu. Hiyo ni kazi, ilipwe. Lakini ni kazi ya saa chache, na kiasi wanachokuandikia wanajipangia wenyewe. Duka moja litaandika 300, la mji wa pili litaandika 900, kwa mashine ileile iliyotoka kiwanda kilekile. Ada ya makaratasi nayo ni hivyohivyo: yapo majimbo yaliyoiwekea kikomo na yapo yaliyoacha kila mtu ajikatie.

Kwa hiyo usigombane na mstari mmoja mmoja. Utapoteza mchana. Ukiwabana kwenye usafirishaji wanapandisha kwenye kuunganisha, ukiwabana kwenye kuunganisha wanakuonyesha bango ukutani kwamba ada ya makaratasi ni sawa kwa kila mteja. Uliza namba moja tu, ya mwisho, kila kitu ndani, kodi na usajili ukiwemo. Wao wenyewe huiita "out the door", na ukiitaja kwa jina hilo wanajua umekuja umejipanga. Waandikie kwa barua pepe maduka manne au matano, hata ya mbali, taja modeli, mwaka na rangi, omba namba hiyo kwa maandishi, mstari kwa mstari. Asiyejibu kwa maandishi na kukwambia "njoo tuzungumze" mwache. Narudia, mwache, hata kama yuko karibu na nyumbani na hata kama mmoja wetu anafanya kazi pale. Ukishapata namba ya chini, ipeleke kwa aliye karibu nawe umuulize kama anaifikia. Wengi huifikia.

Hapa niseme neno kuhusu sisi. Tumelelewa kwenye kupatana bei. Mama zetu hawajawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote. Tukifika huku, kwa kuwa dukani maziwa yana bei moja na hakuna anayebishana, tunajifunza unyenyekevu wa ajabu, mtu mzima anaogopa kusema "punguza". Wamarekani wenyewe wanapatana sana, ila wanafanyia pembeni na kwenye vitu vikubwa: nyumba, gari, mshahara, ATV. Anayelipa bei ya kwanza huku ni mgeni na mtu mwenye haya. Na muuzaji wa huku si rahisi akudanganye kwa mdomo. Anakuandikia ukweli wote, anakupa kalamu, anakutakia siku njema.

Kuna chumba cha pili, na ndicho chenye hatari zaidi. Mkishakubaliana, yule kijana wa mauzo anakukabidhi kwa mtu mwingine ndani ya ofisi ndogo, wa mikopo. Huyu hazungumzi bei. Anauliza swali moja: ungependa kulipa kiasi gani kwa mwezi? Usijibu. Wengine hutoa karatasi iliyogawanywa visanduku vinne, bei, mashine yako ya zamani kama unaiacha, malipo ya awali na marejesho ya mwezi, na kila ukikaza kimoja wanalegeza kingine hadi kichwa kinauma. Fanya hesabu hii nyumbani kabla ya kwenda. Mkopo wa dola 9,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa miezi 36 ni kama dola 290 kwa mwezi. Kwa miezi 72 ni kama dola 167. Inaonekana nafuu, sivyo? Kwa miaka mitatu utakuwa umelipa karibu dola 10,450, kwa miaka sita zaidi kidogo ya 12,000. Na ndani ya huo wa miaka sita, kitu cha dola 1,000 wanachokuongezea hakifikishi hata dola 19 kwa mwezi, kwa hiyo hukisikii kinavyopita. Udhamini wa ziada, matengenezo yaliyolipiwa mapema, bima ya matairi, vyote vinapita kwa mlango huo.

Dawa yake ni kwenda na mkopo ulioidhinishwa tayari kutoka vyama vya akiba na mikopo vya huku, ambavyo ndizo sacco zao. Baadhi hukopesha hata asiye na historia ndefu ya mikopo. Duka linaruhusiwa kukuongezea asilimia juu ya riba ambayo benki imeitaja, na tofauti ni yake, hivyo ukiwa na barua mkononi wanalazimika kushindana nayo. Sheria inawataka wakuonyeshe riba ya mwaka kwa maandishi kabla hujasaini. Isome hiyo, usisome marejesho. Jihadhari pia na kadi ya mkopo ya duka yenye riba ndogo ya miezi ya mwanzo. Uliza inakuwaje baada ya hapo, na jibu liwe kwenye karatasi.

Na tafadhali, acheni kuambiana kwamba una siku tatu za kurudisha. Nimeisikia kanisani, nimeisikia kwenye magrupu ya WhatsApp, nimeisikia kwa mtu mwenye shahada ya uzamili. Kanuni ya siku tatu ya serikali ya shirikisho inahusu mauzo yaliyofanyika nyumbani kwako au mahali pa muda, kama ukumbi wa maonyesho. Ulichokwenda kukinunua mwenyewe dukani kwa muuzaji hakimo. Ukisaini pale, umenunua. Siku tatu hakuna.

Kuhusu majira: modeli za mwaka unaofuata huanza kutangazwa katikati ya mwaka, na kuanzia hapo za mwaka unaoisha zinakuwa mzigo kwa duka. Tafuta iliyobaki ya mwaka jana, haijatumika, ina udhamini kamili, na mara nyingi kiwanda chenyewe kinatoa punguzo juu yake. Msimu wa uwindaji na theluji ya kwanza usiende kununua, kila mtu anaitaka wakati huo.

Iliyotumika ni habari nyingine, na binafsi ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye macho. Angalia kwanza Kelley Blue Book na J.D. Power, wote wana bei za ATV zilizotumika, upate mahali pa kuanzia. Mpigie muuzaji umuombe asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, ameipasha, na mashine inayohitaji kupashwa kabla ya mgeni ina ugonjwa wa asubuhi. Fungua chujio la hewa: vumbi ndani ya chujio ni kawaida, vumbi upande wa pili wa chujio limeshaingia kwenye injini. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Tazama mipira inayofunika jointi za ekseli kama imechanika. Nyanyua gurudumu ulitikise juu na chini, usikie beringi na bolijointi. Kama inatumia beliti, na nyingi zinatumia, iendeshe kisha unuse: harufu ya raba iliyoungua ni gharama. Honda Rancher yenyewe haina beliti, ina gia, na ni sababu mojawapo ya kushikilia bei hata ikizeeka. Ukikuta mabomba ya hewa yamepandishwa juu hadi usukani, huyo mwenyewe alikuwa anaogelea nayo kwenye matope. Shusha bei au ondoka.

Wauzaji wazuri ni wazee wa mashambani. Nasema hivi nikijua tunavyowaogopa, na bendera zao kubwa na mbwa zao. Mzee aliyeitumia kusomba kuni atakutolea bahasha ya risiti za oili na atakwambia kasoro ambazo hukuziona. Kijana wa mjini anayeuza haraka "kwa sababu ninahama" ndiye wa kuchunguzwa.

Karatasi: linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu na ile ya kwenye hati ya umiliki, kama unavyofanya kwa logbook au kadi nyumbani. Iingize kwenye huduma ya bure ya NICB, shirika la kampuni za bima la kupambana na wizi na ulaghai, uone kama iliibiwa. Angalia hati haina jina la benki. Ikiwa nalo, malizieni deni ndani ya benki hiyo, nyote wawili mkiwepo. ATV za zamani mara nyingi hazina hati kabisa, na sheria hutofautiana jimbo hadi jimbo, kwa hiyo piga simu ofisi ya usajili ya jimbo lako kabla ya kutoa hela. Anayetaka ulipe kwa kadi za zawadi au aitume kwa meli kwa sababu yuko jeshini, bei nusu ya soko, hana ATV.

Sasa mjomba na shemeji mlioko nyumbani. Mnatutumia picha ya tangazo usiku wa manane, "hii dola 5,000 tu, nitumie ya shamba". Tunawapenda. Lakini mmeshaona hapo juu hiyo 5,000 inavyopanda. Kodi na forodha za kule mnazijua kuliko sisi, hatuwafundishi. Msichokijua ni upande wa huku: forodha ya Marekani inataka hati halisi ya umiliki na mashine yenyewe angalau saa 72 kabla ya kusafirishwa, na ATV mpya uliyoinunua dukani jana inahesabika kuwa imetumika, kwa sababu umiliki umeshahamia kwako. Ile ya bei rahisi isiyo na hati inaweza kukwama bandarini, na ada ya kuihifadhi inaendelea. Kwa hiyo anayetaka kutuma anunue yenye hati safi kwa jina lake, hata kama ni ghali kidogo, na mjomba atume mchango wake kabla ya mashine kununuliwa.

Bima: mkopeshaji ataidai, na ile ya nyumba kwa kawaida haikufuati ukitoka nje ya kiwanja chako. Watengenezaji wakubwa huwapa wanunuzi wa ATV mpya mafunzo ya bure ya ATV Safety Institute; duka likisahau kuyataja, yadai siku hiyohiyo unaposaini.