Pima Nia kwa Gharama: Namna ya Kuwachambua Wahusika wa Mabepari wa Venisi

Mwanafunzi akiulizwa Bassanio, kijana anayekwenda kumposa Portia katika Mabepari wa Venisi, ni mtu wa namna gani, kwa kawaida hujibu kwa orodha ya sifa: ni mpenzi wa kweli, ni rafiki mwema, ni mtapanyaji. Nimeyasikia majibu hayo kwa miaka mingi katika kikundi chetu cha maigizo hapa Mwanza, na kila mara huuliza swali lilelile: katika onyesho hili anataka nini, na yuko tayari kupoteza nini ili akipate? Katika komedia ya mapenzi karibu kila mtu ana maneno matamu, kwa hiyo utamu wa maneno haumtofautishi yeyote na mwenzake. Gharama ndiyo inayowatofautisha.

Mabepari wa Venisi ni tamthilia ya William Shakespeare ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1969 kwa tafsiri ya Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mashariki ya ziwa letu. Anza uchambuzi na jina lenyewe. Kwa Kiingereza jina hilo linamtaja mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio. Nyerere, miaka 2 baada ya Azimio la Arusha, aliwataja wengi, tena kwa neno ambalo wakati ule lilikuwa na hukumu ndani yake. Binafsi naupenda uamuzi huo, kwa kuwa unamlazimisha msomaji amtazame kila mhusika, Portia, bibi tajiri wa Belmont, na Shylock, mkopeshaji Myahudi wa Venisi, vilevile, kwa jicho la fedha. Hata hivyo jina haliwezi kukufanyia kazi ya uchambuzi, na kila hukumu lazima iwe na mstari wa kuishikilia.

Chukua daftari, uchore safu 4 kwa kila onyesho: nani anasema, anamwambia nani, anaomba nini, na anasema nini mwenzake akishaondoka. Safu ya mwisho ndiyo yenye mavuno makubwa. Portia ataolewa na mposaji atakayechagua kisanduku sahihi kati ya vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Anamwambia Mwanamfalme wa Moroko, ana kwa ana, kwamba machoni pake ana nafasi sawa na mposaji yeyote aliyekwisha kumwona. Moroko anachagua kisanduku cha dhahabu, anakosea, anaaga, na hapohapo Portia anafurahi kuondokewa naye, akiomba kila mwenye rangi kama ile achague vivyo hivyo. Anayesoma maneno ya ana kwa ana peke yake atamwandika Portia kuwa mkarimu kwa wote. Anayejaza safu ya nne ataona dharau inayojificha nyuma ya adabu, na pengine ataona pia kwamba wosia wa marehemu baba yake, uliomnyima haki ya kujichagulia mume, umemzoesha kuficha anachokitaka.

Bassanio anahitaji kusomwa polepole zaidi. Katika onyesho la kwanza kabisa anakiri mbele ya Antonio kwamba ametapanya mali na kwamba anadaiwa naye zaidi ya mtu mwingine yeyote, fedha na upendo pia. Ndipo anapomtaja Portia. Nilimwomba kijana mmoja wa kikundi asome kifungu hicho kwa sauti, akinyoosha kidole kwa kila sifa kadiri inavyojitokeza. Kidole cha kwanza kilikuwa cha urithi, cha pili cha uzuri, cha tatu cha tabia njema. Akavitazama vidole vyake kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe alianza na hesabu." Fanya zoezi hilo kwa kila mhusika anayemsifu mwenzake, kwa maana mpangilio wa maneno ni ushahidi sawa na maneno yenyewe.

Lakini usikimbilie kuhitimisha kwamba hampendi. Kisanduku cha risasi anachokichagua kimeandikwa kwamba atakayekichagua hana budi kutoa na kuhatarisha vyote alivyo navyo. Ni kweli kwamba kila mposaji huapa kutooa kamwe akikosea, na hilo ni la Bassanio mwenyewe. Ila dukati (sarafu za dhahabu) 3,000 za safari yake ya kwenda kuposa zilitoka kwa Shylock, kwa muda wa miezi 3, na kilichowekwa rehani ni ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Bassanio ndiye anayebahatisha, na rafiki yake ndiye atakayelipa. Barua ya kwamba Antonio ameshindwa kulipa deni inapofika, Bassanio anamkiri Portia kwamba alipomwambia hana kitu alipaswa kusema ana pungufu ya kutokuwa na kitu. Kwangu mimi mstari huo ndio mahali ambapo nia yake inabadilika, kwa kuwa ni mara ya kwanza ukweli unamgharimu heshima mbele ya mtu anayemhitaji. Portia naye anajibu kwa gharama yake: Shylock alipwe 6,000, ziongezwe maradufu, kisha mara 3 ya hizo.

Kwa Shylock, kosa la kawaida ni kumpa nia moja. Yeye mwenyewe, akisema pembeni, anataja mbili: anamchukia Antonio kwa kuwa ni Mkristo, na zaidi kwa kuwa anakopesha bila riba na hivyo kuishusha riba mjini Venisi. Kijana mwingine, ambaye baba yake huvua dagaa, alitufafanulia sababu hii ya pili vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Katika mialo mingi ya ziwa hili, alisema, tajiri humkopesha mvuvi nyavu na mafuta kwa sharti kwamba samaki auzwe kwake tu. Akitokea wa kutoa mkopo uleule bila sharti, ugomvi hauchelewi. Ongeza hapo matusi na mate ambayo Antonio amemtemea, tena anasema wazi kwamba atarudia.

Kisha fuatilia chuki hiyo inavyokua. Mkataba unapoandikwa unaitwa mzaha. Katikati, Jessica, binti wa Shylock, anatoroka na Mkristo aitwaye Lorenzo, akibeba fedha na vito vya baba yake. Baadaye Tubal, Myahudi mwenzake, anamletea Shylock habari kwamba binti huyo alitoa pete ili apate kima, na Shylock anasema ni pete aliyopewa na Leah, ambaye wengi humwona kuwa mkewe, kabla hajaoa, na kwamba asingeitoa hata kwa msitu mzima wa kima. Mruhusu msomaji anyamaze kidogo baada ya sentensi hiyo. Halafu iweke kando ya pete nyingine: ile ambayo Bassanio amepewa na Portia na kuapa kutoivua mpaka afe, na ambayo, kesi ya ratili ya nyama ikishamalizika, anamtoa rafiki yake Gratiano mbio akampelekee "mwanasheria" aliyemshinda Shylock mahakamani, asijue kwamba ni Portia aliyejigeuza, kwa sababu tu Antonio amemsihi.

Antonio mwenyewe anafungua tamthilia akisema hajui kwa nini ana huzuni. Usimjazie sababu mapema. Andika tu kwamba anakubali kutoa mwili, na kwamba kabla ya kisu anamwomba Bassanio amweleze mkewe jinsi alivyompenda. Gratiano na Nerissa, mhudumu wa Portia, ni wahusika bapa (wasiobadilika), foili, yaani wahusika wa kulinganishwa, za Bassanio na Portia, na aya moja inawatosha.

Jessica, kinyume chake, mara nyingi husahaulika katika sehemu ya tano. Mahakama imemlazimisha baba yake abadili dini na kuandika hati ya kuwarithisha yeye na Lorenzo mali yake, na hati hiyo inafika Belmont alfajiri. Lorenzo anaipokea kama mana ya jangwani. Jessica yupo jukwaani, lakini neno lake la mwisho alilisema mapema, kwamba hafurahi kamwe asikiapo muziki mtamu, na tangu hapo hatamki kitu. Jaza safu zake kwa kumtazama mwigizaji: amesimama wapi hati inapokabidhiwa, na mikono yake inafanya nini.