Shingo ina shida? Anza na kiegemeo cha kichwa

Ukienda yadi kuangalia gari na shingo yako ina matatizo, injini iache kwanza. Kaa kiti cha dereva unavyokaa siku zote, mwombe mtu akutazame kutoka ubavuni. Kiegemeo cha kichwa kifike usawa wa utosi, au angalau kisiwe chini ya masikio, na nafasi kati yake na kisogo isizidi vidole vinne. Ukigongwa kwa nyuma, kiti husukuma mgongo mbele huku kichwa kikichelewa. Pengo likiwa kubwa, shingo ndiyo inayolipa. Kipandishe kiegemeo, ukikandamize kwa nguvu. Kikishuka chenyewe, loki imekufa.

Nyota za usalama za gari nazo zitazame mwaka. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari na kuyapa nyota, walianza kuhesabu ulinzi wa shingo gari linapogongwa nyuma mwaka 2009, kwa hiyo nyota 5 za kabla ya hapo hazikuambii lolote kuhusu hilo.

Kwa asiyeweza kugeuka, kamera ya nyuma si anasa. Gari nyingi za Japani huja nayo, ila weka rivasi uone kama inawaka: redio ikibadilishwa, mara nyingi kamera huachwa bila kuunganishwa.

Wakati wa kulijaribu, pita kwenye matuta na barabara ya vumbi, si lami tu. Tairi za ubavu mwembamba zinapendeza macho, lakini kila shimo utalisikia shingoni. Na kama daktari amekuvalisha kola, muulize kwanza kama unaruhusiwa kushika usukani.