Sikiliza ukimya kwanza unapochagua amplifaya ya spika za honi
Kabla ya kununua amplifaya kwa ajili ya spika za honi, yaani zenye mdomo unaopanuka kama wa tarumbeta, iunganishe na spika hizo hizo, iwashe bila kucheza muziki wowote, sogeza sikio karibu na mdomo wa honi, kisha rudi ukae pale unapozoea kusikilizia. Ukiwa kitini bado unasikia "shhh" nyembamba, iache, hata kama ina wati nyingi. Honi huiwezesha diaframu ndogo (utando unaotikisika kutoa sauti) kuisukuma hewa ya chumba kwa ufanisi mkubwa, kiasi kwamba spika inayotoa sauti ya desibeli 102 kwa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1, huhitaji takribani sehemu moja tu ya 32 ya nguvu inayohitajiwa na spika ya desibeli 87 ili kutoa sauti ileile. Ndiyo maana wati chache huleta ule uhai wa ngoma na tarumbeta, ambao kwangu ndio utamu wake hasa. Lakini kelele za amplifaya nazo hukuzwa vivyo hivyo. Jaribio hili halifai penye feni inayozunguka, na mvumo mzito mara nyingi hutokana na nyaya au ethi (muunganisho wa umeme na ardhi), si amplifaya yenyewe.