SuperTux kwa watoto wa nyumbani: kuiweka, kuipanga na kuicheza bila ugomvi

SuperTux ni gemu ya kukimbia na kuruka ya mtindo wa zamani. Pengwini anayeitwa Tux anakwenda kulia kwenye skrini, anavuka mashimo, anawakanyaga maadui vichwani na kugonga maboksi ili yatoe sarafu. Aliyewahi kuchomeka TV game kwa zile waya za njano na nyekundu ataitambua papo hapo, maana imefuata nyayo za Super Mario Bros. ya Nintendo, iliyotoka 1985. Lakini hii ni ya bure. Iko chini ya leseni ya GPL, haina matangazo wala duka, hakuna wageni wa kuchati na mtoto, na ikishawekwa haili bando. Kwa nyumba ya Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, yenye kompyuta mpakato moja kuukuu na watoto watatu, tunashauri muanze na hii kabla ya nyingine yoyote.

Wazazi wengi huuliza kwanza kama kuna damu na mapigano. Damu hakuna, matusi hakuna, bunduki hakuna. Adui akikanyagwa anabonyea na kutoweka, na silaha kubwa ya Tux ni vimpira vya moto. Hadithi yenyewe ni fupi: Nolok, adui mkuu, amemteka Penny, mpenzi wa Tux, na Tux anakwenda kumwokoa. Kinachotaka jicho la mzazi ni ugumu. Hatua za mwanzo ni laini, kisha zinakaza ghafla, na mtoto wa miaka mitano aliyeachwa peke yake ataishia kulia na kupiga kibodi. Akiwa na mkubwa pembeni, miaka mitano inatosha. Kucheza peke yake, subiri afike saba au nane. Chini ya miaka miwili asiketishwe mbele ya skrini kabisa. Kwa wa miaka miwili hadi minne, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi.

Kuiweka

Faili lichukuliwe supertux.org tu. Tovuti za kukusanya programu mara nyingi hufungasha gemu za bure pamoja na takataka zinazojaza matangazo kwenye mashine. Ukiwa na bando la MB 500 utapakua na chenji ibaki.

Kwenye Windows, angalia kwanza kama mashine ni ya biti 32 au 64: bofya kulia kwenye "This PC" (au "Computer" kwa zile za zamani), kisha "Properties", usome mstari wa "System type". Faili la biti 64 halitakubali kwenye mashine ya 32, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa wakidhani gemu ni mbovu. Kwenye Ubuntu au Debian, andika *sudo apt install supertux* na kazi imeisha.

Kwa kuwa leseni inaruhusu kunakili, weka faili la kusakinishia kwenye flashi na umpe jirani, shule au shangazi aliyeko Kasulu. Huo si wizi. Ila ipitishe flashi kwenye antivairasi kabla na baada, kwa sababu flashi inayozunguka stesheneri hairudi salama.

Gemu ikifunguka kwa kusuasua, Tux akaenda kama sinema iliyokwama, kosa kwa kawaida liko kwenye kadi ya picha. Ingia "Options", kisha "Video", upunguze ukubwa wa picha. Funga pia kivinjari. Mashine yenye RAM ya GB 2 haiwezi kubeba vyote viwili. Ikigoma hata kufunguka, sakinisha dereva (programu inayoiendesha) ya kadi ya picha kutoka kwa aliyetengeneza kompyuta, kwani ile ya jumla inayokuja na Windows mara nyingi haina OpenGL, mfumo wa kuchora picha ambao gemu inautaka.

Kibodi na pedi

Mishale ya kushoto na kulia humwendesha Tux, upau wa nafasi humrusha, na Ctrl ya kushoto hurusha moto au kubeba kitu. Esc husimamisha gemu. Hiki ndicho kitufe cha kwanza kumfundisha mtoto, ili akiitwa kula asiseme hawezi kuacha.

Tatizo linalosumbua watu bila kujua chanzo chake ni hili: kibodi nyingi za bei nafuu hushindwa kusoma baadhi ya michanganyiko ya vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja. Mtoto anashika mshale, anashika Ctrl, anabonyeza kuruka, na Tux haruki. Si uzembe wake. Nenda "Options", "Controls", kisha "Setup Keyboard", uhamishie kuruka na kurusha kwenye herufi, mfano Z na X, kisha ujaribu michanganyiko mpaka upate inayoitika. Njia hiyohiyo inasaidia kwenye mpakato ambazo kitufe cha Fn kimekaa pembeni kabisa, mahali ambapo kidole kinatarajia Ctrl.

Pedi ya USB ni nzuri zaidi kwa mikono midogo. Ikichomekwa na mishale yake isipoitika, bonyeza kitufe cha "Analog" katikati ya pedi. Pedi nyingi za kawaida hubadili namna ya kutuma ishara kulingana na taa hiyo. Kisha panga upya kwenye "Setup Joystick".

Mkitaka kutumia TV, tumia waya wa HDMI na ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na P, uchague "Duplicate". Sauti ikibaki kwenye kompyuta, bofya alama ya spika uchague TV. Kama Tux anaruka baada ya kidole, yaani picha inachelewa, tafuta "Game mode" kwenye mipangilio ya TV. Gemu ya kuruka haivumilii ucheleweshaji huo, na mtoto atajilaumu kwa kosa la TV. Msimu wa mvua, radi ikianza upande wa ziwa, chomoa TV na chaja ukutani. Mpakato unaweza kuendelea kwa betri.

Kumfundisha mtoto

Mpe kila mtoto profaili yake kwenye "Select Profile" kabla ya kugusa chochote. Hatua hii ikirukwa, kaka atamaliza hatua za mdogo wake, na hapo hakuna usuluhishi.

Sehemu ya kwanza ni ya barafu, na barafu inateleza. Watoto wa Kigoma wanaijua barafu ya kuhifadhia samaki pale Kibirizi. Mwambie Tux anatembea juu ya kitu hichohicho. Kadiri mshale unavyoshikiliwa ndivyo anavyokolea kasi, na ukiuachia hasimami palepale. Breki ni mshale wa upande wa pili. Dakika kumi za zoezi hili pekee, bila kujali sarafu, zinapunguza vifo vingi kuliko maelezo yoyote. Zoezi la pili ni urefu wa kuruka: ukigusa kitufe kidogo anaruka chini, ukikishikilia anapaa.

Kisha mjue nani anakanyagwa na nani hakanyagwi. Mpira wa theluji unakanyagwa tu. Kiumbe wa barafu akikanyagwa anajikunja. Ukimsukuma anateleza na kufagia wenzake, ila akigonga ukuta anarudi kwako, na hapo ndipo wengi hufa wakishangilia. Bomu likikanyagwa linaanza kuhesabu: kimbia. Mwenye miiba juu hakanyagwi kamwe; mruke.

Yai humfanya Tux awe mkubwa, na ua la moto humpa vimpira. Akiguswa na adui hushuka ngazi moja: kutoka moto hadi ukubwa, kutoka ukubwa hadi udogo, na mdogo akiguswa hufa. Akigusa kengele katikati ya hatua ataweza kuanzia hapo akifa, ingawa hupoteza sarafu. Hakuna idadi ya maisha inayokwisha na kumrudisha mwanzo wa gemu nzima, jambo ambalo lilikuwa likiwaliza watoto wa kaseti. Hapo ndipo tunapoiona SuperTux ikiwafaa watoto kuliko Super Mario Bros. iliyoigwa.

Akicheza mmoja, wengine husubiri. Usigawe zamu kwa dakika, maana utamkatisha mtoto akiwa hewani. Gawa kwa hatua moja au vifo vitatu, kipi kitangulie. Wasubirie wajue kazi yao ni kuangalia, si kupiga kelele "ruka!". Huku jua huzama kama saa moja jioni, kwa hiyo mwanga wa kucheza nje ni mrefu. Gemu ikae baada ya kuoga, madrasa na kazi za shule, hatua tatu kwa kila mtoto, basi.

Maendeleo huhifadhiwa hatua inapomalizika. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha katikati, kinachopotea ni hatua hiyo tu. Msitu, unaofuata baada ya kumshinda Yeti, ni mgumu kwa wadogo. Wakikwama, waachie wakubwa wautangulie kwenye profaili zao.

Kwa mtoto wa miaka kumi na kuendelea, fungua "Level Editor" kwenye menyu kuu na umpe kipanya. Kwa kidole kwenye mpakato inachosha. Anatengeneza ulimwengu, kisha hatua, anachagua vipande upande wa kulia na kuvibandika. Aanze na ardhi ndefu, shimo moja na adui mmoja, ajaribu kwa "Test Level", ndipo aongeze. Mdogo wake ndiye awe mjaribuji: mahali anapokufa mara tano mfululizo, shimo lipunguzwe upana.

Kabla ya kupeleka mashine kwa fundi kupigwa Windows upya, nakili folda ya *supertux2* iliyomo ndani ya *AppData\Roaming\SuperTux*. Folda hiyo imefichwa, kwa hiyo andika *%APPDATA%* kwenye upau wa anwani ili uifikie. Humo ndimo zilimo profaili za watoto wote.