Jinsi ya kufuatilia historia ya stesheni iliyokufa: reli ya Nachingwea

Kama kwenu ni Lindi au Mtwara, anza na wazee kabla ya makaratasi, waulize treni ilisimama wapi na ilibeba nini, maana reli hii ilijengwa kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga kwenye mashamba makubwa, mpango ukafa 1951, reli yenyewe ikafungwa 1962 na vyuma vikang'olewa. Kisha tembea ukitafuta tuta lililonyooka ambapo reli ilipita na makalavati (mifereji ya kupitisha maji chini ya tuta). Ukikuta kipande cha reli kimetundikwa kama kengele, futa kutu ubavuni, mara nyingi kuna jina la kiwanda na mwaka (mwaka wa chuma tu, sio wa stesheni). Mafaili nenda Nyaraka za Taifa, Dar. Ila wazee kwanza jamani, rekodi sauti zao leo leo.